Kutafakari: Tujaribu Njia Gani?

Wengi huacha kutafakari baada ya siku tatu wakidhani hawana kipawa. Tumeona kwamba mara nyingi ni ile njia tu haiwafai.

Njia moja ya kale ni kusoma kifungu kifupi cha Biblia polepole. Mtawa Guigo wa Pili wa Ufaransa, karne ya 12, aliipanga kwa hatua nne: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia kimya mbele za Mungu. Inafaa alfajiri kabla watoto hawajaamka. Usiku, baada ya kutwa shambani, utasinzia tu (na kusinzia si dhambi!). Basi jioni tujaribu ile ya Ignatius wa Loyola, ambaye kitabu chake cha mazoezi ya kiroho kilichapwa 1548. Unaipitia siku yako tangu asubuhi, ukishukuru na kuona ulipoteleza. Haihitaji kitabu wala taa, hata asiyejua kusoma aweza.

Wengine hurudia neno moja, mfano "Yesu", pamoja na pumzi. Mawazo yakikimbilia karo ya shule, usijigombeze; rudi kwenye neno. Kila njia tuipe majuma mawili hivi, dakika 10 kwa siku, ndipo tuibadilishe.