Kukosa Kitambulisho Si Kukosa Uraia: Njia ya Leseni ya Udereva kwa Mkazi wa Sale Asiye na Nyaraka

Katika tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, gari la mizigo na basi la wanafunzi. Barabara ya lami ya kilomita 49 kati ya Wasso na Sale imerahisisha mwendo, lakini vijiji vingi bado hufikiwa kwa njia za vumbi na makorongo. Anayekubeba huko ni mtu unayemkabidhi uhai wako. Hata hivyo, wapo madereva wasio na leseni, si kwa sababu wamekataa kujifunza, bali kwa sababu hawana Namba ya Utambulisho wa Taifa. Wengine wamekata tamaa wakiamini kuwa asiye na kitambulisho si raia, hivyo hana haki ya kuomba chochote. Makala haya yanafafanua ukweli wa jambo hilo, hatua za kufuata na hadaa za kuepuka.

Kwa nini utambulisho hutangulia?

Leseni ya udereva Tanzania Bara hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) baada ya Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, kumpima mwombaji na kuridhika na uwezo wake. Tangu mwaka 2010 leseni hizo ni kadi za kielektroniki zinazobeba picha na taarifa za mwenye nazo. Mwombaji hutakiwa kuwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, yaani TIN, na TIN ya mtu binafsi hupatikana kwa kutumia Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa.

Mnyororo huu ndio uliowakwamisha wengi mwezi Januari 2020, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa. Aliyekosa namba ya NIDA alikosa laini. Leo aliyekosa namba hiyo hukwama pia kwenye leseni. Kwa hiyo, safari ya leseni haianzii dirishani TRA. Inaanzia kijijini kwako.

Jitambue uko kundi gani

Mpaka wa Tanzania na Kenya ulichorwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1886, ukapita katikati ya malisho na koo. Hadi leo zipo familia zenye ndugu Loliondo na ndugu Narok. Kwa hiyo, watu wawili wanaoishi boma moja wanaweza kuwa na hali tofauti kisheria. NIDA husajili raia, wageni wakaazi na wakimbizi. Usajili si wa raia peke yao. Kabla ya kutumia fedha yoyote, tambua uko wapi kati ya makundi yafuatayo.

1. Raia asiye na nyaraka

Huyu ndiye anayepatikana zaidi vijijini. Alizaliwa nyumbani, kuzaliwa kwake hakukuandikishwa, pengine hakumaliza shule. Sheria ya Uraia, Sura ya 357, haisemi kwamba uraia huletwa na kadi. Kadi huthibitisha uraia ambao mtu anao tayari. Fuata hatua hizi:

• Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Hao ndio wanaokufahamu, na uthibitisho wao wa makazi ni msingi wa maombi yako.

• Kusanya kila karatasi yenye jina lako au la wazazi wako: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha elimu ya msingi, kadi ya mpiga kura, kitambulisho cha NIDA cha baba, mama au ndugu wa tumbo moja.

• Omba cheti cha kuzaliwa. Usajili uliochelewa unaruhusiwa kisheria, na maombi hupokelewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kupitia msajili wa wilaya.

• Jaza fomu ya NIDA. Usajili wa mara ya kwanza hautozwi ada. Utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na katika wilaya za mpakani utegemee kuhojiwa na ofisa wa Uhamiaji. Mahojiano hayo si shtaka. Jibu kweli, na kama hukumbuki tarehe, eleza hivyo.

Aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, kwa mfano katika hospitali ya Narok, na mzazi wake mmoja ni Mtanzania, asijihesabu kuwa mgeni kabla ya kuuliza. Sheria inatambua uraia wa kurithi kupitia baba au mama, kwa masharti yake. Akumbuke tu kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

2. Mgeni mwenye kibali

Mgeni anayeishi nchini kwa kibali halali cha ukaazi husajiliwa kama mgeni mkaazi, na kwa utambulisho huo anaweza kuomba TIN na leseni. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuishi kwa hati ya mtegemezi wakati akifuatilia uraia wa tajinisi, ambao sheria inampa nafasi ya kuuomba kwa sababu ya ndoa yake. Ndoa peke yake, ya kimila au ya kidini, haimgeuzi kuwa raia.

3. Mgeni asiye na kibali

Kwa huyu, jibu lazima liwe wazi: Tanzania haina leseni ya udereva kwa mtu aliyepo nchini kinyume cha sheria. Leseni ya nchi yake, hata ikiwa hai, haiondoi wajibu wa kuwa na kibali cha kuwapo nchini. Atakayesema kwamba ni raia ili apate namba ya NIDA ataongeza kosa la jinai juu ya tatizo ambalo pengine lingetatulika. Inashauriwa aende mwenyewe ofisi ya Uhamiaji, ikiwezekana akiwa na msaidizi wa kisheria, aeleze hali yake na kuuliza kibali kipi kinamfaa. Huenda akatakiwa kurejea kwao kwanza na kuingia upya kwa utaratibu.

Wenye ndugu ughaibuni huwasikia wakieleza habari tofauti, nazo ni za kweli huko waliko. Jimbo la California nchini Marekani lilianza Januari 2015 kutoa leseni kwa wakazi wasioweza kuthibitisha uhalali wa kuwapo kwao nchini. Minnesota, wanakoishi watu wengi wa Afrika Mashariki, ilifuata Oktoba 2023. Uingereza ilichukua njia iliyo kinyume: kwa sheria za uhamiaji za mwaka 2014 na 2016, leseni ya asiye na haki ya kuwapo nchini inaweza kufutwa. Kila nchi ina sheria yake. Usitumie ya ugenini kupanga safari ya hapa.

Ukishapata namba

Huna haja ya kusubiri kadi ya plastiki. Namba yenyewe hutosha kuombea TIN, ambayo hutolewa bure. Kisha chukua leseni ya kujifunzia, soma katika chuo cha udereva kinachotambuliwa, upimwe na polisi, na upeleke vyeti vyako TRA. Leseni hudumu miaka 5. Ada yake huwekwa kisheria na hubadilika, hivyo ulizia kiasi TRA kabla ya kusafiri. Kutoka Wasso hadi Arusha mjini ni zaidi ya kilomita 300. Karatasi moja iliyosahaulika ni nauli ya pili na siku kadhaa za kazi zilizopotea.

Anayebeba abiria kwa malipo atambue pia kwamba leseni ya udereva ni ya mtu, na leseni ya usafirishaji itolewayo na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ni ya chombo. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Njia ya mkato na gharama yake

Pale penye safari ndefu, vishoka hawakosekani. Huahidi leseni bila mtihani, au namba ya NIDA kwa jina la mtu mwingine. Kadi ya kughushi inaweza kung'aa kama halali, lakini askari anapoitafuta katika mfumo haimo. Na ajali ikitokea, hasara ni kubwa zaidi. Mikataba ya bima ya vyombo vya moto kwa kawaida humkinga dereva mwenye leseni halali ya daraja la chombo anachoendesha. Asiye nayo anaweza kujikuta akidaiwa yeye na mwenye pikipiki gharama zote, na abiria aliyevunjika mguu akabaki akihangaikia fidia yake. Ng'ombe aliyeuzwa kununua leseni bandia harudi, na leseni haipo.

Haki zako

• Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kupitia benki au simu. Usimpe mtu fedha mkononi, na tunza risiti.

• Maombi yako yakikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ukijua kilichopungua, utajua cha kuleta.

• Ukiombwa rushwa, piga simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo.

• Ukiona umebaguliwa au umecheleweshwa bila sababu, peleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

• Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwahudumia wasio na uwezo bila malipo. Uliza ofisi ya Halmashauri alipo wa karibu nawe.

Nawe abiria, una haki ya kumwomba dereva akuonyeshe leseni yake kabla hujapanda. Na mzazi mwenye mtoto mchanga, mwandikishe sasa. Cheti chake cha kuzaliwa kitamwondolea usumbufu huu wote siku atakapotaka kushika usukani.