Diski Ikijaa Ghafla, Usikimbilie Kufuta Nyaraka

Mtumishi anayewasha kompyuta asubuhi na kukuta diski imejaa, ilhali jana ilikuwa na nafasi ya kutosha, hushawishika kufuta nyaraka za kazi. Hatua hiyo huweza kupoteza kumbukumbu za ofisi bila kutatua tatizo, kwa kuwa mara nyingi chanzo si nyaraka hizo.

Katika kompyuta zinazotumia Windows, chanzo kimojawapo ni usasishaji mkubwa wa mfumo. Mfumo wa awali huhifadhiwa katika folda iitwayo Windows.old, yenye gigabaiti nyingi, ili mtumiaji aweze kuurejea. Kwa kawaida folda hiyo hufutwa yenyewe baada ya siku 10. Vilevile, mafaili yaliyotupwa huendelea kuchukua nafasi hadi pipa la taka la kompyuta limwagwe.

Hivyo, fungua kwanza Mipangilio, kisha Mfumo, halafu Hifadhi, uone kilichochukua nafasi. Hapo unaweza kuondoa mafaili ya muda. Hakikisha tu kwamba folda ya mafaili yaliyopakuliwa haijachaguliwa. Nafasi ikiendelea kupungua kila siku, weka nakala ya nyaraka mahali pengine na umjulishe mtaalamu wa TEHAMA akague virusi.