Mwananchi Ataingiaje Katika Kompyuta?

Siku hizi si rahisi kuitaja ofisi ya umma ambayo haijatangaza kwamba imeingiza, au imo mbioni kuingiza, mfumo wa kompyuta wa kutunza taarifa zake. Hospitali, mahakama, halmashauri, idara za ardhi na ofisi za vizazi na vifo, zote zimo katika msafara huo. Sisi hatuna ugomvi na msafara wenyewe. Majalada yaliyoliwa na mchwa hayana mtetezi, na mwananchi aliyekwisha kuambiwa mara tatu kwamba faili lake halionekani hahitaji kuhubiriwa faida za kompyuta. Tunalotaka kulizungumza leo ni lile linalotangulia ununuzi wa mitambo, ambalo kwa kawaida hupitiwa haraka haraka katika kikao kimoja au viwili: nani huamua ni vitu gani vitakavyokuwamo ndani ya mfumo, na kila kitu kitajulikana kwa sifa zipi?

Wataalamu wa kompyuta wana elimu nzima juu ya jambo hilo. Wanaiita uchambuzi na usanifu wa mifumo unaojengwa juu ya vitu. Jina ni zito, lakini maana yake haiko mbali na akili ya yeyote aliyepata kufanya kazi katika masjala. Hapo awali mwandishi wa programu alianza na hatua za kazi: pokea fomu, gonga muhuri, andika katika daftari, peleka kwa mkubwa. Programu ikawa ni orodha ndefu ya amri, na taarifa zikawa zimetapakaa humo, kila amri ikizigusa itakavyo. Ulipotoka waraka mpya wa Wizara na kubadili hatua moja, orodha yote ikapinda.

Njia ya vitu huuliza kwanza: katika huduma hii kuna nini? Kuna mgonjwa, kuna zahanati, kuna mahudhurio, kuna dawa, kuna muuguzi. Kila kimoja kina sifa zake na matendo yake, na kila kimoja hutunza taarifa zake chenyewe. Anayezihitaji sharti aziombe kwa njia iliyowekwa, kama vile afisa, hata awe mkubwa namna gani, asivyoruhusiwa kuingia masjala na kujichomolea jalada bila kupitia kwa karani. Vitu vinavyofanana huwekwa katika aina moja, na aina ndogo hurithi tabia za aina kubwa: hospitali ya wilaya na zahanati ya kijiji zote ni vituo vya kutolea huduma, zinashiriki mengi, kisha kila moja ina ya kwake. Msemaji wa Kiswahili asione ajabu. Sarufi yetu imezipanga nomino katika ngeli, na ngeli ndiyo inayoamua jinsi maneno mengine yatakavyoambatana na nomino hiyo. Tena lugha hiyo hiyo imemweka mtu mahali pake na kitu mahali pake, jambo ambalo wasanifu wetu wangefaa kulikumbuka kila wanapoandika neno "mteja" ndani ya kisanduku cha mchoro.

Fikra hii ilianzia Oslo, nchini Norwei. Katika miaka ya 1960 wanasayansi wawili wa Kituo cha Kompyuta cha nchi hiyo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliunda lugha ya programu iliyoitwa Simula, ili waweze kuiga ndani ya mashine mambo ya ulimwengu yenye foleni na misongamano. Toleo la mwaka 1967 ndilo lililoleta aina, vitu na urithi kwa namna tuliyoieleza. Lugha nyingi zilizofuata, ikiwamo Java iliyotolewa mwaka 1995, zimechota katika kisima hicho. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, na wote wakafariki dunia mwaka 2002.

Sifa hizo zinajulikana. Jambo linalosahauliwa ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nygaard alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norwei. Wafanyakazi hao walikuwa wakiletewa viwandani mifumo ya kompyuta ya kupanga uzalishaji ambayo hawakuulizwa habari zake. Nygaard na wenzake walikaa nao, wakaandika vitabu vya kuwafundisha, na wanachama wenyewe wakachunguza kazi zao na kusema wanataka nini. Matokeo yake yalikuwa mikataba iliyompa mfanyakazi haki ya kuarifiwa na kusikilizwa kabla mfumo haujaingizwa. Mkataba wa kitaifa baina ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi na lile la waajiri ulifikiwa mwaka 1975. Kwa maoni yetu, mtu aliyebuni njia ya kuueleza ulimwengu ndani ya mashine hakuwa na budi kufika hapo, kwani mchambuzi hawezi kukieleza kiwanda asichokijua, na wanaokijua ni wale wanaokifanyia kazi.

Mbegu hiyo imefika hadi kwetu. Ubaguzi wa rangi ulipoanguka Afrika Kusini mwaka 1994, serikali mpya ilirithi idara 14 za afya, zilizogawanywa kwa rangi, kwa majimbo na kwa zile bantustani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo, waliolelewa katika desturi ile ile ya kushirikiana na watumiaji, waliungana na wanaharakati wa afya wa Afrika Kusini. Walianza kwa kukubaliana na wahudumu juu ya takwimu chache tu ambazo kila kituo kingezikusanya, na programu iliyotokana na kazi hiyo, yaani DHIS, ilitolewa bure. Toleo lake la pili, DHIS2, lililoandikwa kwa Java, lilianza kutumika katika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Kenya ililisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania ikafuata miaka michache baadaye. Takwimu za vitabu vya MTUHA, vinavyojazwa kwa kalamu zahanatini, huishia humo.

Katika DHIS2 kila tarakimu hujibu maswali matatu: ni nini, ni wapi, na ni lini. Watoto waliochanjwa surua, katika zahanati fulani, katika mwezi fulani. Usanifu huu ni mwepesi, na wepesi wake umeusaidia sana kuenea. Hata hivyo, tulitazame hilo neno "wapi". Mwezi Machi 2012 Mkoa wa Geita uliundwa kwa kumega sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera. Huko Kenya, baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kaunti 47 zilishika nafasi ya utawala wa mikoa. Zahanati iliyolala Mwanza ikaamkia Geita bila jengo kusogea hata hatua moja. Iwapo mchambuzi aliuchukulia mkoa kuwa ni sifa ya kudumu ya zahanati, pengine hata akauingiza katika namba yake, basi amepanda matatizo yatakayovunwa na karani wa takwimu. Iwapo aliuona mkoa na zahanati kuwa ni vitu viwili vyenye uhusiano unaoweza kubadilika, kazi ni ndogo: uhusiano huondolewa hapa na kuwekwa pale. Lakini hata hapo pana la kuangalia. Kituo kikihamishwa katika ngazi za mfumo, takwimu zake za nyuma huhama nacho, na jumla ya mkoa wa zamani huonekana ndogo kuliko ile iliyochapishwa wakati wake. Afisa mipango asiyelijua hilo atadhani kazi ilizorota.

Lipo jambo kubwa zaidi. Tarakimu ya mwezi haina mtu ndani yake. Mjamzito huandikwa katika kitabu cha wajawazito, uzazi katika kitabu cha uzazi, na mtoto katika kitabu cha watoto. Kila kitabu hujumlishwa vizuri mwisho wa mwezi. Lakini tuchukue mfano wa mama aliyeanza kliniki Kibaha, akaenda kujifungulia kwao Lushoto, kisha akarudi na mtoto wa miezi mitatu. Kwa vitabu hivyo yeye ni watu kadhaa wasiojuana: mmoja aliyeacha kliniki, mwingine aliyejitokeza ghafla kujifungua, na mtoto asiyejulikana mama yake. Muuguzi huijua habari yote kwa kuitazama kadi ya kliniki iliyo mkononi mwa mama huyo. Mfumo hauijui, kwa sababu uhusiano wa mama na mwanawe, unaojulikana na kila bibi kijijini, haukuchorwa. Huyo mama akiwa na shinikizo la damu lililoonekana Kibaha, na kadi ikasahaulika nyumbani, mkunga wa Lushoto anampokea gizani. Ni kweli kwamba DHIS2 iliongezewa baadaye sehemu ya kumfuatilia mtu mmoja mmoja. Sehemu hiyo hudai kwanza jibu la swali gumu: tutajuaje kwamba huyu wa leo ndiye yule wa jana?

Jibu la haraka ni kumpa kila mtu namba. Namba ya kitambulisho cha Taifa ya Tanzania ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Wanorwei wenyewe wana namba ya tarakimu 11, na 6 za mwanzo vilevile ni tarehe ya kuzaliwa. Mpango huo huipendeza jicho, lakini hukiuka kanuni moja ya usanifu, kwamba utambulisho wa kitu usitegemee sifa inayoweza kusahihishwa. Katika nchi zetu wamo wazee wasioijua tarehe yao ya kuzaliwa. Wanaujua mwaka wa njaa fulani au wa mvua fulani, na tarehe yenyewe hukadiriwa mbele ya dawati la karani. Cheti cha ubatizo au cha shule kikipatikana baadaye kikaonyesha mwaka mwingine, kosa limekwisha kuwa sehemu ya namba.

Na majina je? Fomu zilizonakiliwa kutoka ughaibuni hudai jina la ukoo. Watu wengi wa kwetu hubeba jina lao, la baba na la babu, na hawana ukoo wa kuandika hapo. Ofisi moja ikaweka la babu katika nafasi hiyo, nyingine ikaweka la baba, na mtu mmoja akawa wawili bila yeye kujua. Hugundua siku ya kudai mafao ya uzeeni, au mjane wake hugundua siku ya mirathi, huku akitumwa mahakamani kula kiapo kwamba majina yote mawili yalikuwa ya marehemu.

Sifa za kumwekea mwananchi haziwi suala la wataalamu peke yao, na wenzetu wa Kenya wamelionja hilo. Sheria iliyoanza kutumika Januari 2019 kwa ajili ya Huduma Namba ilitaja miongoni mwa taarifa za kukusanywa vinasaba vya DNA na vipimo vya mahali mtu anapoishi. Wanubi, ambao kwa miaka mingi wamelalamika kwamba huhojiwa zaidi ya wengine wanapoomba vitambulisho, walikuwa miongoni mwa waliokwenda Mahakama Kuu. Mwezi Januari 2020 mahakama iliamua kwamba sifa hizo mbili zisikusanywe, na kwamba mpango usiendelee mpaka pawepo kanuni kamili za kuuongoza. Hayo yalipasa kujadiliwa mezani kwa wachambuzi, kabla ya mashine za kuchukulia alama za vidole kupelekwa vijijini.

Tanzania inayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tunazikaribisha. Twatazama pia Estonia, ambako tangu mwaka 2001 kila ofisi hutunza daftari lake na nyingine huliuliza kwa njia moja iliyolindwa, na ambako sheria inakataza kuanzisha daftari jingine la kukusanya taarifa zilezile. Hiyo ni masjala yenye nidhamu. Lakini nidhamu ya kuulizana haimsaidii mama wa Kibaha iwapo hakuna ofisi iliyomchora kama alivyo.

Kwa hiyo tunazitaka Wizara na halmashauri zinazoandaa mifumo mipya zitenge fedha na siku za uchambuzi, kama zinavyotenga kwa mitambo. Mchambuzi aende akakae zahanatini au dirishani mwa masjala, msimu wa mvua na siku ya kliniki, aone muuguzi anaandika nini pembeni mwa kitabu pale nafasi zilizochapwa zinapomshinda. Maandishi hayo ya pembeni ni uchambuzi uliokwisha kufanywa bila malipo. Muuguzi na karani walipwe posho kwa siku wanazompa. Mkataba useme wazi kwamba michoro ni mali ya umma, hata mkandarasi akiondoka. Na mchoro wa vitu na mahusiano yake uandikwe kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa zahanati, na uachwe hapo mwezi mzima kabla zabuni haijatangazwa.