Kengele ya Freretown na utambulisho wa Mkristo
Mtaa wa Kengeleni, Mombasa, ulipata jina kutokana na kengele ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa, yaliyoanzishwa 1875. Wengi walifika bila ukoo wa kuwapokea. Ubatizoni walipewa majina mapya, lakini jina peke yake halitoshi.

Katika waraka kwa Filemoni, Paulo anamwombea Onesimo, mtumwa, apokewe kama ndugu. Hapo ndipo Mkristo anapojitambua: ni mwana nyumbani mwa Mungu hata kabla hajafanya kazi yoyote. Kazi yaja baadaye, nayo ni kumpokea mwenzake vivyo hivyo.

Lakini wapo miongoni mwetu (tusifichane) wanaoyaimba hayo Jumapili, kisha Jumatatu wanamwuliza jirani: wewe hasa kwenu wapi?