Udongo wa Kabete si wa Embakasi

Mvua ikinyesha Nairobi, viatu husema ulikotoka. Aliyepita Kabete au Kikuyu hurudi na tope jekundu, likikauka hupukutika lenyewe mlangoni. Aliyekatiza kiwanja Embakasi au Syokimau hurudi miguu mizito, tope jeusi limenata kama ulimbo, na kulibandua ni kazi ya panga. Mwendo wa kati ya sehemu hizo haufiki kilomita 50, na udongo wote huo ni mfinyanzi uliotokana na miamba ya volkano.

Tofauti ililetwa na maji. Kikuyu iko juu, takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari; mvua ni nyingi na mteremko huyaondoa maji upesi. Kwa maelfu ya miaka maji hayo yalipenya ardhini yakachukua silika, kalsiamu na magnesiamu, yakaacha aluminiamu na chuma. Chuma kikashika kutu, na kutu ndiyo ile rangi nyekundu. Embakasi iko chini, mita 1,600 hivi, tena ni tambarare. Maji hutuama, jua huyakausha, na silika na magnesiamu hubaki palepale. Humo huzaliwa madini yaitwayo monmoriloniti, kwa jina la mji wa Montmorillon, Ufaransa. Ndiyo moyo wa ule udongo mweusi, uitwao udongo wa pamba.

Chembe ya mfinyanzi haizidi milimita 0.002, lakini ukubwa si hoja. Hoja ni muundo. Monmoriloniti ni kama daftari lenye kurasa nyembamba ajabu, na maji huingia katikati ya kurasa na kuzitanua. Lau ungeweza kuzitandaza kurasa zote za gramu moja, zingefikia mita za mraba 800 hivi: ploti ya futi 50 kwa 100 ingefunikwa na nyingine zikabaki. Gramu moja ya kaolini, madini ya jamii inayopatikana kwenye udongo mwekundu, ingetosha sakafu ya chumba kimoja.

Ndiyo maana kiangazi ardhi ya Embakasi hupasuka nyufa za kumeza rula nzima, na masika hufura. Nguvu ya kufura inaweza kupita tani 10 kwa kila mita ya mraba, ilhali sakafu ya zege ya inchi sita haifikishi hata nusu tani. Nani atamshinda mwenzake? Hapo pana jambo linalowashangaza wengi: nyumba nyepesi isiyo na ghorofa ndiyo hupasuka kwanza, huku jengo zito la jirani likitulia, kwa kuwa uzito wake unaukandamiza udongo. Tena udongo haufuri sawasawa. Chini ya katikati ya nyumba hubaki na unyevu mwaka mzima. Pembeni hukauka na kulowa kwa misimu. Mkaratusi ukipandwa karibu na ukuta, au bomba likivuja upande mmoja, tofauti huzidi, na ufa huanzia pembe ya dirisha ukapanda kimshazari.

Dawa inayojulikana zaidi ni kuuzoa mweusi wote hadi kwenye mwamba au moramu, kisha kujaza mawe. Pale ulipo mwembamba, ni dawa nzuri. Ukiwa wa kina na fundi akaishia njiani, shimo lenye kuta za mfinyanzi lililojaa mawe yenye mianya huwa birika: mvua huingia, haina pa kutokea, na udongo wa chini hunywa polepole. Afadhali moramu iliyoshindiliwa vizuri, na mfereji wa kuyapeleka maji mbali. Barabarani huchanganywa chokaa, ambayo kalsiamu yake huingia kati ya zile kurasa na kupunguza hamu yao ya maji.

Mwekundu nao una vituko vyake. Miaka ya 1950, lilipojengwa bwawa la Sasumua kwenye milima ya Aberdare kuipatia Nairobi maji, vipimo vya udongo wake viliwatia wahandisi wasiwasi. Ulishika maji mengi mno na ulikuwa mwepesi mno. Kwa kanuni za vitabu haukufaa tuta, ilhali ulikuwa imara. Karl Terzaghi, anayeitwa baba wa sayansi ya udongo ya uhandisi, alilieleza fumbo hilo katika makala ya 1958: chembe zake, za madini ya haloisiti ya jamii ile ya kaolini, zimeshikamana kuwa vidonge vigumu vyenye vitundu, na maji mengi hukaa humo ndani bila kuulainisha udongo. Bwawa bado linatumika.

Vidonge hivyo huvuruga hata vipimo vya Atterberg, Mswidi aliyevibuni mapema karne ya 20, ambapo udongo hukandwa na kuviringishwa kuwa uzi wa milimita tatu. Ukiukanda mwekundu kwa muda mrefu, vidonge huvunjika na tarakimu hupanda. Ukiukausha kwenye oveni, haloisiti hupoteza maji yake ya ndani, na ukiulowesha tena hayarudi. Maabara mbili zikigawana gunia moja, moja ikikausha kwanza na nyingine isikaushe, zinaweza kutoa majibu kama ya udongo wa aina mbili tofauti. Kwa hiyo sampuli ya Kabete hufungwa ikiwa mbichi, shimoni palepale, kwenye chombo kisichopitisha hewa, wala haiachwi juani nyuma ya pikapu.