Djokovic, Federer au Nadal: Kwa nini ubishi wa nani bora hauishi?

Ukihesabu mataji tu, ubishi umekwisha. Novak Djokovic ana mataji 24 ya Grand Slam, Rafael Nadal alistaafu akiwa na 22 na Roger Federer 20. Djokovic pia amekaa namba moja duniani kwa wiki 428, na mwaka 2024 akaongeza dhahabu ya Olimpiki jijini Paris.

Mashabiki hawahesabu hivyo. Wa Nadal watakutajia mataji yake 14 ya French Open. Wa Federer watakuambia uzuri wa tenisi haupimwi kwa kikokotoo, na hapo wana hoja.

Ila kuna mechi moja ambayo pande zote huirudia: fainali ya Wimbledon, Julai 14, 2019.

Federer, akiwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 38, anaongoza 8-7 kwenye seti ya tano. Anayeanzisha mpira ni yeye, na gemu iko 40-15. Pointi mbili za ubingwa ziko mkononi. Ya kwanza, mpira wake unatoka nje. Ya pili, anasogea kwenye wavu na Djokovic anampitishia mpira pembeni. Uwanja kimya.

Baada ya saa 4 na dakika 57, bingwa ni Djokovic, seti ya mwisho 13-12.

Aliyepata pointi nyingi alishindwa

Siku hiyo Federer alipata pointi 218, Djokovic 204. Inawezekanaje?

Jibu liko kwenye mfumo wa tenisi. Kwenye soka, timu inayoongoza 2-0 inaweza kupoteza muda, kipa akajilaza, mchezo ukaisha. Tenisi haina saa ya kukuokoa. Hata ukiongoza vipi, pointi ya mwisho lazima uishinde mwenyewe. Na pointi hazina uzito sawa: Djokovic alishinda seti tatu, zote kwa gemu fupi ya kuamua. Zile za Federer alizishinda kwa tofauti kubwa zaidi, lakini hakuna anayelipwa kwa tofauti.

Hapo ndipo kujiamini kunapogeuka silaha. Mashabiki wengi uwanjani walikuwa wa Federer, wakiimba jina lake. Djokovic alisema baadaye kwamba wao wakiimba "Roger", yeye alikuwa anasikia "Novak". Wengi walicheka, lakini ile ndiyo kazi aliyokuwa anaifanya kichwani kwa karibu saa tano.

Serena Williams aliijua kazi hiyo pia. Nusu fainali ya Australian Open mwaka 2003 alikuwa nyuma 5-1 kwenye seti ya tatu dhidi ya Kim Clijsters, akaokoa pointi mbili za kutolewa, akashinda, kisha akabeba taji. Alimaliza na mataji 23.

Nadal na mashaka yake

Lakini kujiamini si lazima kufanane. Nadal mara kadhaa amesema kuwa na mashaka ni jambo zuri, maana humfanya mtu ajitume zaidi mazoezini. Huyohuyo mwenye mashaka, fainali ya Australian Open 2022, alipoteza seti mbili za kwanza kwa Daniil Medvedev, kisha akashinda tatu mfululizo.

Federer naye alieleza jambo mwaka 2024 kwenye hotuba yake chuoni Dartmouth, Marekani: alishinda karibu asilimia 80 ya mechi zake, lakini asilimia 54 tu ya pointi. Yaani karibu nusu ya pointi alizipoteza. Aliyejifunza kusahau pointi iliyopita ndiye anayebaki salama.

Zile mbili za Wimbledon, mashabiki wake hawajazisahau. Angeipata moja tu, na mengine yote yakabaki vilevile, leo yeye angekuwa na mataji 21, Nadal 22, Djokovic 23.