Ihumwa: Utulivu wa Uwandani na Bei Yake

Hamu ya kuukimbia mji mkubwa na kwenda kuishi nyanda za juu, penye hewa kavu, usiku wa baridi na majirani wasio na haraka, si jambo geni katika Afrika Mashariki, ingawa kila kizazi kimekuwa na sababu zake. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walipanda Usambara na kujenga mji waliouita Wilhelmstal, ambao leo ni Lushoto, kwa kuwa joto na malaria ya pwani viliwashinda. Waingereza waliowafuata nao wakaona raha ya kubaki huko. Mji wa namna hiyo, uliowekwa mlimani ili watawala wapate kupumua, ulibebwa na wapagazi, watumishi na wakulima ambao kwao mlima haukuwa mapumziko hata siku moja. Siku hizi hamu ileile imevaa vazi la falsafa. Mwaka 1986 Mwitalia Carlo Petrini alishiriki kupinga kufunguliwa kwa mgahawa wa McDonald's katikati ya Roma, na katika upinzani huo likachipuka vuguvugu la Slow Food, ambalo liliwazoesha watu wa nchi tajiri wazo kwamba kasi yenyewe ni maradhi, na kwamba dawa yake ni maisha ya taratibu, yaani kula, kufanya kazi na kukaa na watu bila kukimbizwa na saa.

Nchini Tanzania, mwenye kuchoshwa na foleni za Kimara na Mbagala jijini Dar es Salaam siku hizi huitaja Dodoma kabla ya Lushoto. Dodoma si nchi ya milima kwa maana ya Usambara au Uluguru. Ni uwanda wa juu, maana yake eneo pana lililoinuka kwa pamoja bila kuwa na kilele, lenye kimo cha mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na juu yake vimechomoza vilima vya mawe ya matale kana kwamba vilitupwa hapo na kusahauliwa. Kimo hicho kinatosha kuleta baridi ya Juni na Julai ambayo humshangaza mtu wa pwani aliyekuja na shuka moja. Ihumwa iko katika uwanda huo, mashariki ya jiji, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam, na kwa miaka mingi msafiri wa basi aliijua kama vibanda vichache, mibuyu na vumbi jekundu vilivyopita dirishani kabla ya mji kuanza.

Mambo yaliyoibadili yanafahamika. Mwaka 1973 chama tawala, TANU, kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu waliizoea kwa kifupi cha CDA, ikaundwa kusimamia kazi hiyo. Kazi ikaenda polepole kwa zaidi ya miaka 40, kiasi kwamba Dodoma yenyewe ilikuwa mfano wa maisha ya taratibu bila kupenda. Mwaka 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali inahama kweli. Mwaka uliofuata akaivunja CDA, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la jiji hilo. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Mji wa Serikali, ambako wizara zimejengwa upya, uliwekwa Mtumba, jirani kabisa na Ihumwa. Ihumwa yenyewe ikapata bandari kavu, ambayo ni kituo cha nchi kavu cha kupokelea na kutolea mizigo ya bandarini ili isirundikane ufukweni, na barabara ya mzunguko wa nje ya jiji, yenye urefu wa kilomita 112.3, ikachorwa ipite hapo. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa humtoa abiria Dar es Salaam na kumfikisha Dodoma kwa muda usiofika nusu ya ule wa basi.

Kwa hiyo anayehamia Ihumwa leo kutafuta utulivu huja pamoja na vitu vile vile vinavyoufukuza. Mtumishi wa wizara hufuata kazi na hupendezwa na ukweli kwamba ofisi iko karibu. Mstaafu aliyepata mafao huona kwamba fedha ambayo isingempa hata nafasi ya kujenga chumba Mbezi, Dar es Salaam, inampa hapa kiwanja chenye nafasi ya bustani na banda la kuku. Mfanyabiashara huwafuata wote wawili na kujenga fremu za maduka. Kila mmoja anakuja kutafuta nafasi, na kila mmoja anaipunguza.

Lakini jambo ambalo wahamiaji wengi hawalielewi ni utulivu wenyewe ulikuwa nini kabla hawajafika. Wagogo, wenyeji wa uwanda huu, hawakuishi taratibu kwa sababu walikuwa na wasaa. Waliishi kwa kufuata mvua, na mvua ya Dodoma ni moja tu kwa mwaka: huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, hukoma Aprili, na jumla yake kwa kawaida ni milimita 550 hadi 600, tena mara nyingi hukatika katikati, Januari au Februari, wakati mazao yanapoihitaji zaidi. Katika miezi hiyo mitano hakuna mtu anayetembea taratibu. Shamba la mtama au uwele hulimwa, hupandwa na kupaliliwa kwa mbio, na punde masuke yanapoanza kushika punje huja kwelea kwelea, ndege wadogo wanaotua kwa makundi makubwa na kuweza kulimaliza shamba kwa muda mfupi. Hapo husimikwa dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa katikati ya shamba, na mlinzi hukaa juu yake tangu alfajiri na kombeo na vibonge vya udongo, akipiga kelele hadi sauti imkauke, siku baada ya siku, mpaka mavuno. Baada ya kupura na kujaza vihenge ndipo huja miezi mirefu ya ukame, ya harusi, ngoma, minada ya ng'ombe na kukarabati nyumba. Mgeni anayefika Agosti akawakuta wazee wameketi chini ya mbuyu huona ama uvivu ama hekima, kulingana na alivyokuja. Kumbe anachokiona ni nusu ya mwaka tu.

Hata nyumba ya jadi ilijengwa kwa hesabu hiyo. Tembe ni nyumba ndefu na fupi kwenda juu, yenye kuta za miti iliyosimikwa kwa kukaribiana na kukandikwa udongo, na paa lililo bapa, ambalo ni boriti zilizotandazwa matawi na nyasi kisha zikalazwa udongo mzito. Vyumba huuzunguka uwanja wa ndani ambako ng'ombe hulala, mtu mrefu huinama kuingia, na juu ya paa huanikwa nafaka na maboga. Paa la namna hiyo lingeporomoka haraka Bukoba, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima; Dodoma lilidumu, na jua la Novemba lilipochoma nje, ndani palikuwa na ubaridi na giza la kupumzisha macho, huku upepo wa kusini-mashariki ukipita juu bila kupata pa kushika. Nyumba ya mhamiaji wa leo ina bati la rangi, madirisha mapana ya alumini na ukuta wa uzio. Ni nzuri kwa macho, na saa tisa alasiri haikaliki bila feni. Si kwamba watu warudi katika tembe, kwani wenyewe walioishi humo waliyajua mapungufu yake, mchwa, moshi na mwanga haba. Ni kwamba ufundi uliokuwa umeshalijibu joto la mahali hapa uliachwa bila mtu kuuliza ulikuwa unajibu nini.

Na kuna maji. Mji wa Dodoma umetegemea kwa miongo mingi visima virefu vya bonde la Makutupora, eneo la Mzakwe, kaskazini ya jiji, navyo havikuchimbwa kwa kuhudumia idadi ya watu iliyopo sasa. Mgao, yaani kufungua maji kwa zamu, umekuwa sehemu ya ratiba ya nyumba. Ndiyo maana alama ya kwanza ya nyumba mpya uwandani ni simtanki jeusi juu ya mnara wa chuma, likisubiri zamu au boza. Anayejichimbia kisima chake huenda akapata maji ya chumvi, ambayo ni tabu iliyoenea katika sehemu nyingi za Dodoma: sabuni inakataa kutoa povu, birika linaota ukoko mweupe, na miche ya bustani aliyoiota tangu Dar es Salaam inaungua ncha za majani. Mwenyeji hakuwahi kuiota bustani hiyo. Alichuma mlenda wa porini wakati wa mvua, akaukausha na kuusaga, na mboga hiyo, iitwayo ilende, ikamvusha kiangazi chote pamoja na ugali wa uwele.

Wala ukame wa hapa haukuwa wa mzaha. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ulipigwa na njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, mifugo na wanaume, kisha mvua nazo zikakosekana. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, katika utafiti wake juu ya Wagogo uliochapishwa mwaka 1969, alieleza jinsi kaya zao zilivyohamahama kutafuta malisho na ardhi ya kulima. Kuhama kulikuwa ndiyo bima yao. Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliyowakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, ilikusudia kuwapelekea shule, zahanati na maji, lakini pia iliufunga mlango huo wa kuhama.

Sasa anayehama Ihumwa ni mwenyeji anayeuza. Shamba la mtama lililowahi kupimwa kwa siku za kulima hupimwa kwa mita za mraba, dalali hupita na bei, bikoni zikasimikwa mahali palipokuwa na dungu. Fedha ya shamba huezeka nyumba, hununua bodaboda ya kijana, hulipa ada, kisha huisha, na familia huanza tena mbele zaidi, kusikofikiwa na lami. Hapo kuna jambo la kusema wazi: utulivu ambao mhamiaji anaununua ulikuwa mali ya mtu mwingine, na mara nyingi bei aliyolipwa mtu huyo ilikuwa ya shamba kavu, si ya kiwanja kilicho kando ya makao makuu ya nchi.

Anayekusudia kuhamia upande huu na aende kwanza mwezi Oktoba, si Aprili wakati kila kitu ni kijani. Akae siku tatu, alale bila feni, aulize majirani maji hufunguliwa siku zipi na kama kisima cha karibu kina chumvi, aione ramani ya mipango miji katika ofisi ya jiji ili ajue barabara na reli zitapita wapi, na amtafute mwenye shamba mwenyewe, si dalali peke yake. Baada ya hapo ndipo atoe fedha.